Jiwe la Kilo Ishirini

Wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo,
Tandahimba, ghala la chama cha msingi.
Mimi, Tabia Nalinga, mwaka wa tatu, Fizikia,
niliyeomba maabara yenye kiyoyozi
nikapewa ovaroli ya mtu mrefu
na sanduku la mawe ya mizani,
kila jiwe limevikwa flana kama kichanga.

"Usiliguse kwa mkono mtupu," anasema Fundi Likumbo.
"Jasho lako lina uzito.
Leo halionekani. Miaka kumi ikipita, ni wizi."

Chuoni nilipima uzito kwa chaki:
mshale chini, mshale juu, jumla sifuri,
na meza, siku zote, haikuwa na msuguano.
Hapa meza ina vumbi jekundu, nyuzi za magunia,
na mjusi anayeishi jirani na skrubu ya kushoto.
Tunaanza na ufagio.
Kisha pima maji: kitone cha hewa
kinazurura kiooni kama mtoto aliyetumwa chumvi,
mpaka kinakumbuka njia, kinatulia kati.

Nje, foleni ya magunia imepinda hadi mashine ya kusaga.
Akina mama wamezikalia korosho zao.
Mmoja ananirushia utani:

"Ewe binti wa chuoni, tupimie kwa makini,
jasho limo guniani, lisiishe njiani."

Nahesabu silabi kwa vidole, ugonjwa niliorithi kwa baba:
kumi na sita. Kumi na tano.
Imepungua moja.
Nacheka peke yangu. Bado sijaweka jiwe.

Naweka jiwe.
Kilo ishirini za chuma,
na kioo kinasema kumi na tisa nukta sita.
Naondoa, narudisha. Kumi na tisa nukta sita.

Neno linatoka mlangoni kabla yangu:
"Si tulisema?"
Karani Mchopa anafuta shingo kwa kitambaa,
anaapa kwa mama yake, kwa watoto wake, kwa pikipiki yake.
Fundi hasemi kitu. Ananitazama mimi.

Hakuna swali la mtihani lililowahi kunitazama hivyo.

Najaribu kona.
Kona hii, ishirini. Ile, ishirini kamili.
Ya tatu inapungua kidogo.
Ya nne: kumi na nane nukta tisa.
Nalala kifudifudi, tochi ya simu mdomoni,
ovaroli ya watu ikinywa vumbi,
na huko chini, kati ya bamba na fremu,
imekaa korosho moja,
imebeba sehemu ya mzigo kimyakimya,
kama nguvu ile niliyoichora mara mia
bila kuijua sura.

Naichomoa kwa bisibisi.
Ishirini.

Watu wanapiga vigelegele, karani anakaa chini.
Ni Bi Somoe tu, yule wa utani, hajacheka.
"Na Jumanne?" anauliza.
Anatoa stakabadhi kwenye pindo la kanga:
kilo mia nne na kumi na mbili.

Napiga hesabu mgongoni mwa daftari.
Korosho moja, gramu sita,
imekula kilo nane na ushee. Kama Jumanne ilikuwapo.
Kosa nalijua, mama.
Siku lilipoingia, silijui.

"Sasa mwanangu, huko chuo mnasoma nini?"

Mjomba huniuliza hivyo kila likizo,
akitaka kusikia ualimu, au gesi ya Madimba, au benki.
Huwa najibu haraka.

Ijumaa msimamizi atafika kutoka chuoni na fomu yake.
Kuna safu imeandikwa: *Ujuzi uliopatikana.*
Nimeandika "uhakiki wa mizani", nimekata.
Nimeandika "jaribio la kona", nimeliacha.
Kwenye taarifa ya ghala, Fundi amenisukumia kalamu:
andika wewe, umeona wewe.

Nimeandika Jumanne.
Nimeandika jina lake, kilo zake, na neno "huenda",
nikaweka sahihi chini.
Mkono ulikuwa mzito.
Korosho ipo kwenye bahasha, imepigwa muhuri,
na Bi Somoe bado amekaa pale mlangoni,
stakabadhi mkononi, hajaifunga tena kwenye kanga.